Gunia lisiguse sakafu: kuipanga kazi nzito ili siatika isikushike mguu

Misimu miwili nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Kaka yangu, tumbo moja, alikuwa mbebaji hapo hapo. Novemba ya msimu wa pili, ghala limefurika na lori linasubiri, aliinama kushika masikio ya gunia lililokuwa sakafuni, akalinyanyua huku anajipinda ili amtwishe mwenzake. Gunia lilifika salama kichwani kwa mwenzake. Yeye akabaki ameinama vile vile, mkono kwenye tako la kulia. Alisema umeme umempiga kutoka kiunoni, ukashuka nyuma ya paja, ukatokea kwenye kidole gumba cha mguu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na jibu. Bibi alisema kakanyagishwa uchawi. Jirani alisema ni baridi yabisi. Kaka mwenyewe aliamini ni gunia lile moja, kwamba lilijazwa kupita kiasi. Nami niliamini hivyo, mpaka mtaalamu wa fizioterapia alipomwuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amemwuliza: "Kaka, tuiache siku ile. Hebu niambie siku yako ya kawaida ya kazi, tangu unapoamka mpaka unapolala." Kaka akaeleza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, na daftari la mizani nalijua kwa moyo, nikaanza kuhesabu. Mwongozo huu umetokana na hesabu ile. Namwandikia mbebaji wa ghalani, mwokota korosho, mama wa ndoo, mkulima wa mwani, dereva na utingo wake, na yeyote anayewasimamia.

Hatua ya 1: Jua kama ni kiuno tu au ni siatika

Kiuno kikiuma na maumivu yakabaki pale pale kiunoni, mara nyingi ni misuli au viungo vya mgongo. Siatika ni maumivu ya mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, inaungana na kupita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, kisha karibu na goti mshipa unagawanyika na kuendelea mpaka unyayoni. Ndiyo maana tatizo liko mgongoni lakini anayelia ni mguu.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa kimto: nje ukanda mgumu wa nyuzi, ndani uteute mzito. Nyuzi zikichoka na kuchanika, uteute unatokeza na kuubana mzizi wa mshipa, au kuuwasha. Mixter na Barr, madaktari wa Boston nchini Marekani, ndio waliolieleza jambo hili vizuri mwaka 1934, na mpaka leo diski za chini kabisa mbili ndizo zinazoongoza kwa kuleta siatika. Kwa wazee sababu inaweza kuwa nyingine: njia ya mishipa ndani ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Mzee wa namna hiyo utamwona miguu inamchoma akitembea, lakini akikaa au akiinamia fimbo anapata nafuu.

Jipime hivi. Maumivu yanavuka goti kwenda chini? Yanafanana na umeme, moto au sindano, na kuna ganzi sehemu ya mguu au unyayo? Yanaruka ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni? Sasa lala chali, mtu akuinue taratibu mguu unaouma ukiwa umenyooka. Ukifika katikati, kabla haujasimama wima, na umeme ukashuka chini ya goti, shaka ya siatika ni kubwa. Mwisho, tembea hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa, kuna misuli inayokosa nguvu, na hapo usiendelee kujitibu nyumbani.

Hatua ya 2: Ondoa hatari kwanza

Kabla ya kitu kingine chochote, hakikisha hakuna dalili hizi:

- ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja, pale panapogusa tandiko mtu akipanda baiskeli;
- mkojo umeziba, au mkojo na haja kubwa vinatoka bila kujijua;
- miguu yote miwili inapoteza nguvu, au unyayo unaburuta;
- homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yanayozidi usiku hata ukilala (kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo);
- maumivu yameanza baada ya kuanguka, kama vile kutoka juu ya mkorosho, mnazi au lori.

Dalili tatu za kwanza ni za kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mishipa ya mkojo na haja ikibanwa, upasuaji huwa unahesabiwa kwa saa, na ukichelewa mtu anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Usisubiri gari la kesho. Ligula iliyoko Mtwara mjini, Sokoine iliyoko Lindi, Ndanda, Nyangao, hospitali ya kanda iliyoko Mitengo: fika ile iliyo karibu, wao watajua kama ni wa kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Hatua ya 3: Ihesabu siku yako ya kazi

Hapa ndipo nataka ukae nami, maana hatua hii watu huiruka.

Kazi nzito inaongeza uwezekano wa siatika, na hilo halina ubishi mkubwa. Watafiti wa Finland waliwafuatilia wanaume kwa miaka 3, wakachapisha matokeo mwaka 1994: maseremala waliopata maumivu ya siatika katika muda huo walikuwa asilimia 24, waendesha mitambo asilimia 22, wafanyakazi wa ofisini asilimia 14. Zitazame vizuri tarakimu hizo. Waendesha mitambo hawabebi kama seremala, lakini wako naye sawa, kwa sababu mtetemo na kukaa mkao mmoja navyo vinaumiza. Na wa ofisini hawakupona wote. Kwa hiyo ukiulizwa "kazi yako ni nzito?" usijibu ndiyo au hapana. Vunja siku yako katika mambo matano: uzito unaoinua, mara ngapi unainama, mara ngapi unajipinda ukiwa na mzigo, muda unaotikiswa na chombo au mashine, na muda unaokaa bila kubadili mkao. Yanapoungana mawili au matatu kwa wakati mmoja, hapo ndipo pa kutilia shaka.

Chukua daftari. Kwa siku moja tu, andika kila mara unapoinua kitu kutoka chini ya goti. Ukishindwa kuandika, hamisha kokoto kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Hesabu ya ghala letu ilikuwa hivi. Siku ya msongamano tulipokea magunia 90. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Kila gunia lilikuwa linagusa sakafu mara tatu: likishushwa kwenye pikapu, likitoka kwenye mizani, na likisubiri kupakiwa. Kila likigusa sakafu, watu wawili wanainama kushika masikio ili wamtwishe wa tatu. Magunia 90 mara tatu ni kunyanyua 270, na kila kunyanyua kuna migongo miwili, jumla 540. Wabebaji walikuwa wanne. Kila mmoja aliinama mara 135 kwa siku, akishiriki kilo 80, na mara nyingi akimalizia kwa kujipinda kwa sababu nafasi kati ya milundo ilikuwa finyu. Wiki hiyo walifanya kazi siku sita.

Gunia lililomwangusha kaka halikuwa zito kuliko mengine. Nililipima mimi mwenyewe.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini sakafu ni adui

Mgongo unafanya kazi kama mizani ya mkono. Misuli inayokuvuta usianguke kifudifudi iko sentimita 5 hivi nyuma ya kitovu cha diski. Ukishika ndoo ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 20, ikiwa sentimita 50 mbele ya mgongo wako, misuli hiyo inalazimika kuvuta mara kumi ya uzito ule, yaani kama kilo 200, na zote zinaibana diski. Ndoo ile ile ukiisogeza mpaka sentimita 25, inashuka kuwa kama kilo 100. Ndoo haijabadilika. Umbali ndio umebadilika.

Kitu kilicho sakafuni hakiwezi kuwa karibu na mwili: magoti yako yanakizuia, na kiwiliwili chenyewe kinainama na kuongeza uzito wake. Miaka ya 1960 daktari Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akaona kwamba kuinama ukiwa na mzigo mkononi kunalipandisha mno kuliko kusimama, na hata kukaa tu ukiwa umekunja mgongo kunalizidi lile la kusimama.

Vipo vipimo vya kujilinganisha navyo. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya ya wafanyakazi ilikokotoa mwaka 1991 kwamba mzigo wa kuinua kwa mikono, mazingira yakiwa mazuri kabisa (karibu na mwili, usawa wa kiuno, bila kujipinda, mara chache), usizidi kilo 23. Kwa kubeba, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asizidishiwe kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mwepesi zaidi ya huo. Mfuko wa saruji una kilo 50. Gunia letu la korosho linapita vipimo vyote hivyo, na kijana anayelibeba analipwa kwa gunia, kwa hiyo anakimbia.

Hatua ya 5: Badilisha kazi kabla ya kumbadilisha mtu

Watu wa ofisini wakiona wabebaji wanaumwa, huleta semina ya "kuinua kwa magoti" na kugawa mikanda ya mgongo. Tafiti zilizopima mambo hayo mawili hazikuona yakizuia maumivu ya mgongo kazini. Sisemi usikunje magoti. Nasema mtu anayeinama mara 135 hataokolewa na somo la dakika kumi. Punguza 135 kwanza.

Ghalani, weka meza ya mbao ngumu au mapaleti yaliyopangwa juu mpaka usawa wa kiuno, mahali pawili: gari linaposhusha na pale gunia linapotoka kwenye mizani. Gunia litoke kwenye pikapu liende mezani, litoke mezani liende kwenye mizani, litoke kwenye mizani liende jukwaani, na anayebeba aje achukue akiwa amesimama, mgongo umenyooka. Sakafu itaguswa mara moja tu, mwisho. Rudi kwenye hesabu yetu: magunia 90, kugusa mara moja, migongo miwili, wabebaji wanne. Kutoka mara 135 unashuka hadi 45. Gharama ni mbao na misumari, na fundi wa siku moja.

Milundo iachiane njia ya kutosha mtu kugeuza miguu. Hili la kugeuka nalitia mkazo. Ukiwa na mzigo, geuza nyayo. Kiuno kisijizungushe peke yake huku miguu imeganda. Nyuzi za diski zinastahimili kubanwa vizuri kuliko zinavyostahimili kukunjwa na kusokotwa kwa pamoja, na kumtwisha mwenzako aliye pembeni ni kukunja, kusokota na mzigo kwa mara moja. Anayetwishwa asimame mbele ya wanaotwisha, katikati yao, si ubavuni.

Toroli na mkokoteni vitumike kwa umbali wowote unaozidi hatua chache. Sukuma, usivute.

Msimamizi akikataa meza kwa sababu "tumezoea hivi", mpeni hesabu yenu iliyoandikwa. Mimi niliipeleka kwa mwenyekiti wetu nikiwa na daftari mkononi. "Shikamoo mzee. Naomba dakika tano, nikuonyeshe kitu kwenye daftari." Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Njomba, hii 135 ni ya mtu mmoja?" Meza ya kwanza ilipigwa misumari wiki iliyofuata. Haikuwa nzuri, ilikuwa inacheza, lakini ilikuwepo.

Hatua ya 6: Shambani, kisimani, majini na barabarani

Kuokota korosho hakuna kilo 80, na hilo linawadanganya watu. Korosho inaanguka na bibo lake, unaiokota, unalinyonyoa, unaitupa kwenye ndoo, kuanzia asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Mgongo umekunjwa saa tatu mfululizo. Diski haiumii hapo kwa uzito, inaumia kwa kukunjwa muda mrefu na nyuzi zake kulegea. Fanya mambo matatu. Fagia chini ya mkorosho mapema ili korosho ziwe mahali pamoja. Okota kwa kupiga goti moja chini au kukaa kwenye kigoda kidogo unachohamisha, halafu nyonyoa mabibo ukiwa umekaa vizuri kivulini, usinyonyoe ukiwa umeinama. Na kila ndoo ikijaa, simama wima, mikono kiunoni, jinyooshe kwenda nyuma mara tano.

Jembe la mpini mfupi linastahili maneno yake. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe fupi mwaka 1975 baada ya vibarua wa mashambani kupigania migongo yao kwa miaka. Sisi hatuhitaji kusubiri marufuku. Ukinunua mpini, pima: ukisimama na jembe wima ardhini, mpini ufike karibu na kifua. Utalima mstari kwa kasi ndogo kidogo siku za kwanza, kisha utazoea.

Anayepuliza dawa kwenye mikorosho kwa mashine ya mgongoni yenye injini ana uzito na mtetemo kwa pamoja. Iweke mashine juu ya kisiki au ukingo wa pikapu unapoijaza, uivae ukiwa umesimama; usiivae ukiwa umechuchumaa halafu ukajikakamua kuinuka nayo. Mbadilishane kila baada ya tangi moja au mawili.

Mama wa ndoo: Newala na Tandahimba tunajua maana ya kwenda bondeni kwa maji. Kichwani si mahali pabaya kwa ndoo, kwa sababu uzito unakaa juu ya mstari wa mgongo. Hatari ni ile sekunde ya kuitoa chini na kujitwisha peke yako, unaipandisha kwa mkono mmoja huku umejipinda. Tafuta ukingo au jiwe la usawa wa kiuno karibu na kisima uweke ndoo hapo kwanza, na mtwishane. "Dada, nitwishe" ni kinga ya bure. Ukiwa mjamzito au umejifungua karibuni, beba nusu ndoo. Mkiwa na mkokoteni wa madumu kijijini, tumieni huo.

Wa mwani, wanaofunga na kuvuna bahari ikiwa kavu: funga mbegu kwenye kamba ukiwa umekaa nchi kavu, pwani au nyumbani, ili kule majini kazi ibaki ya kutandaza tu. Mwani uliolowa usiuvute na kuubeba kwa mkupuo mmoja; uelekeze kwenye dau au kwenye kipande cha turubai kinachoelea, uuburute.

Dereva wa lori, wa bajaji, na bodaboda wa barabara za vumbi: mtetemo unaipita diski maelfu ya mara kwa saa. Shuka kila saa moja, hata kwa dakika tatu. Upepo wa matairi na shokapu ni afya yako pia. Pochi isikae mfuko wa nyuma, maana inalibana tako pale pale mshipa unapopita. Na utingo anisikilize: ukitoka Dar mpaka Mtwara umekaa, usiruke chini na kuanza kushusha saruji papo hapo. Tembea dakika kumi kwanza, jinyooshe, ndipo ushike mfuko. Diski iliyokaa imekunjwa kwa saa nyingi haijawa tayari.

Hatua ya 7: Panga saa za siku

Usiku ukilala, diski zinafyonza maji na kuvimba. Ndiyo sababu asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja au mbili, na sehemu kubwa ya urefu huo inapotea katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Diski iliyojaa maji inakazwa zaidi ukiinama. Sasa sisi tunaamka alfajiri, tunashika jembe au tunaokota kabla jua halijachomoza, yaani tunaikunja wakati ule ule imejaa. Jua la huku halituruhusu kulala mpaka saa tatu, naelewa. Lakini saa ya kwanza ifanye ya kazi za kusimama na kutembea: kwenda shamba kwa miguu, kufagia kwa ufagio mrefu, kupogoa, kukagua mikorosho. Kuinama na kunyanyua vizito vije baadaye kidogo. Kwa mtu ambaye kiuno kimeshaanza kumsumbua, huenda hili likamsaidia kuliko dawa nyingi.

Wanaolipwa kwa gunia wapumzike kwa zamu, anayetwisha awe mbebaji na mbebaji awe mtwishaji kila baada ya magunia ishirini.

Sigara pia inahesabika, inapunguza damu inayolisha maeneo ya diski. Na uzito wa tumbo ni mzigo ambao hutui jioni.

Hatua ya 8: Siatika ikishakukamata

Hapa tulikosea sana na kaka. Tulimlaza kwenye godoro sakafuni wiki tatu. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa siatika waliolazwa kitandani wiki mbili na wengine walioendelea na maisha kadiri walivyoweza. Baada ya wiki 12, kundi lile na hili, asilimia 87 walikuwa na nafuu. Kulala hakukuongeza kitu, na misuli ya anayelala inalegea. Siku moja mbili za kupunguza mwendo, sawa. Baada ya hapo tembea: dakika tano, pumzika, dakika tano tena, ongeza kila siku.

Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Jaribu zoezi hili: lala kifudifudi, jiinue kwa viwiko, kaa hivyo dakika moja. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi, ni dalili nzuri, endelea mara kadhaa kwa siku. Yakishuka zaidi mguuni, acha.

Dawa za maumivu aina ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kusaidia siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa figo au ujauzito asizimeze kabla ya kuongea na daktari. Sindano ya takoni kwa mtu usiyejua ujuzi wake, kataa. Mshipa wenyewe unapita takoni, na sindano ikichomwa sehemu ya chini au ya ndani inaweza kuujeruhi, ukatoka na ugonjwa mkubwa kuliko ulioingia nao. Kaka alichomwa mbili na watu wawili tofauti, na namshukuru Mungu hazikugusa. Kukanda taratibu kwa maji ya moto hakuna neno. Kukanyagwa mgongo na mtu mzima, acha kabisa.

Bibi nilimjibu kwa adabu. Nilimwambia dua aendelee nayo, na sisi tunampeleka hospitali. Akakubali, akatoa na nauli.

Wiki 6 zikipita bila nafuu yoyote, au nguvu za mguu zikipungua hata kama maumivu yametulia, rudi kwa daktari. Wengi hawahitaji upasuaji, kwa sababu uteute uliotokeza mara nyingi hunywea wenyewe kadiri miezi inavyokwenda.

Hatua ya 9: Toa taarifa, kisha rudi kazini kwa ngazi

Ukiumia kazini, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, iandikwe, na uwe na shahidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya za wanaomfanyia kazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndio wanaoisimamia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Kabla msimu haujaanza, ulizeni kama mmesajiliwa. Ni swali la haki kabisa, ulizeni mkiwa kikundi.

Kurudi kazini usisubiri maumivu yaishe yote, na usirudi kwenye gunia siku ya kwanza. Wiki ya kwanza na ya pili, kazi ya kusimama na kutembea: kuhesabu, kushona midomo ya magunia yakiwa mezani, kusukuma toroli tupu. Wiki ya tatu na ya nne, vitu vya kilo 10 kutoka usawa wa kiuno kwenda usawa wa kiuno. Halafu kilo 20. Sakafu iwe ya mwisho kabisa. Kipimo cha kila ngazi ni mguu, wala si kiuno: kiuno kikichoka jioni na asubuhi kikawa sawa, panda ngazi, umeme ukirudi chini ya goti na ukakesha nao, shuka ngazi moja, kaa hapo wiki nzima.

Kaka alirudi msimu uliofuata. Nilimwekea daftari lake mwenyewe kando ya mizani, ukurasa una safu mbili, "kutoka mezani" na "kutoka sakafuni". Siku ya kwanza aliandika 31 upande wa meza. Upande wa sakafu aliandika 2, akaziwekea duara, na jioni akanionyesha ni magunia gani na nani aliyeyaweka chini.